Asitoke Mtu Mpaka Niseme: Kumbukumbu ya Bwana Magoti

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti. Anayekaanga kitu jikoni apunguze moto, na anayetusikiliza akiwa kwenye usukani aendeshe taratibu. Leo tunamkumbuka rubani. Si rubani wa ndege yenye mabawa. Ni rubani wa puto, lile puto kubwa la hewa moto linalobeba watu ndani ya kapu. Tunamkumbuka mzee aliyejulikana kwa jina la Bwana Magoti.

Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, kitandani kwake, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba imepoa. Ninalirudia neno hilo kwa makusudi: kitandani kwake. Mtu aliyeelea angani takriban maisha yake yote ya utu uzima, aliyetua kwenye mashamba, kwenye mabonde, na mara moja katikati ya uwanja wa mpira mechi ikiendelea, alifariki chini ya blanketi lake mwenyewe, mkewe akiwa amemshika mkono. Mkewe alituambia, "Hilo ndilo alilolitaka siku zote. Alikuwa akisema, rubani hodari ni yule ambaye hadithi zake hazina utamu."

Hata hivyo, wasikilizaji wapendwa, hadithi moja yenye utamu na uchungu anayo. Familia yake imeturuhusu tuisimulie. Lakini kwanza tulitafute jina lake lilikotoka.

Kabla ya kila safari, puto likiwa bado limelala chini kama shuka lililoanguka kutoka kambani, mzee huyu aliwaingiza abiria wake wote ndani ya kapu. Akawapanga. Mgongo uelekee kule tunakokwenda. Mikono ishike vishikio vya kamba vilivyo upande wa ndani. Kichwa kitulie. Kisha, kwa sauti ya mwalimu wa gwaride, akatamka neno moja: "Magoti." Hapo kila mtu alipaswa kukunja magoti kidogo, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti akakumbuka kwamba hakijafutwa vumbi. Akawazungukia mmoja mmoja. Aliyekaza miguu aligongwa gotini kwa kidole. Walirudia mpaka aliporidhika. Mwisho aliongeza maneno haya, ambayo hakuyaacha hata siku moja: "Tukigusa ardhi, asitoke mtu mpaka niseme."

Abiria walinung'unika. Wapo waliokuja na kamera mpya na nguo nzuri, wakajikuta wamechuchumaa kapuni kama kuku wa sokoni. Mfanyabiashara mmoja mnene alimwambia, "Mzee, mimi nimelipia kupanda, sikulipia mazoezi ya viungo."

Bwana Magoti akamtazama kwa upole. "Kupanda ni bure, bwana," akamjibu. "Ulicholipia ni kushuka. Magoti."

Na mfanyabiashara akakunja.

Niwaeleze sababu, kwa maana si kila anayetusikiliza amewahi kupanda puto. Puto halina breki. Puto halina usukani. Linakwenda uendako upepo. Rubani anaweza kulipandisha kwa kuwasha moto wa gesi, na anaweza kulishusha kwa kuachia hewa ya moto itoke juu. Hayo tu. Upepo ukiwa mpole, kapu hutua kama kikombe kwenye kisahani. Upepo ukiwa mkali, kapu hugusa ardhi, likaruka, likagusa tena, likalala ubavu na kuburutwa. Aliyesimama wima, amekaza magoti, huvunjika mguu. Aliyeyakunja huamka na vumbi kichwani, akacheka.

Jambo la pili ni uzito. Kapu likigusa ardhi, puto bado lina joto ndani yake. Kinacholishikilia kapu hapo chini ni uzito wa waliomo. Akiruka mmoja nje kwa furaha, kapu huwa jepesi, na waliobaki huweza kunyakuliwa tena hewani bila kutarajia. Ndiyo maana Bwana Magoti alikuwa na sheria ya mtu kwa mtu. Akitoka abiria mmoja, aingie msaidizi mmoja. Hatoki mtu kabla mwingine hajaingia. Shikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Tutalihitaji.

Hakuzaliwa rubani. Alizaliwa mtoto wa fundi mahema, naye akawa fundi mahema. Alikulia katika karakana iliyonuka turubai na nta, chini ya meza ya cherehani kubwa iliyounguruma kutwa nzima. Puto la kwanza alilolishika kwa mikono yake lililetwa pale likiwa limechanika. Mwenye puto alikuwa ameuliza mafundi wengi, wote wakacheka. Yeye hakucheka. Aliligeuza, akaupapasa mshono, akauliza, "Hiki kitambaa kikiachia angani, chini yake kuna nini?"

"Kuna mimi," mwenye puto akasema.

"Basi nitashona mara mbili."

Alishona mara mbili. Siku ya majaribio alikwenda uwanjani kuangalia kiraka chake. Mwenye puto akamkaribisha kapuni, naye akakataa kata kata. Akasema yeye ni fundi, kazi yake iko chini. Lakini puto lilipoanza kujaa, likainuka taratibu kama mtu mzima anayeamka usingizini, kiraka chake kikiwa pale ubavuni, kimeshika, kuna kitu kilimwingia. Mkewe husema ni ugonjwa, na kwamba ugonjwa huo haukupona.

Akawa msaidizi wa ardhini, mmoja wa wale wanaolifuata puto kwa gari na kulipokea linapotua. Baadaye akasoma, akafanya mtihani, akashindwa. Akasoma tena, akafaulu. Akapewa leseni. Mkewe anakumbuka enzi za uchumba. "Alikuja kwetu kujitambulisha," alituambia. "Baba akamkaribisha kiti. Kabla hajakaa, akatoka nje kidogo, akaangalia majani ya mti yanavyopepea, akarudi. Baba akaniuliza jikoni, 'Huyu kijana wako ana akili timamu?' Nikasema, 'Baba, anaangalia upepo.' Baba akasema, 'Wa kumpeleka wapi?'"

Waliishi pamoja miaka mingi. Mungu akawapa binti mmoja tu. Binti akakua, akawa muuguzi. Muuguzi akamzaa naye binti mmoja. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, mzee wetu, mtu wa nidhamu, mtu asiyechekacheka, akaishiwa nguvu kabisa.

Mjukuu huyo, babu yake alimwita Kapteni tangu hajaota meno. Picha zake za kuchora, puto lenye miguu, puto lenye masharubu, alizibandika ndani ya gari la kazi, na abiria walilazimika kuzisifu moja baada ya nyingine kabla ya kufika uwanjani. Dereva wa gari hilo alikuwa rafiki yake wa tangu karakanani, aliyepewa jina la Breki, kwa kuwa waliowahi kupanda naye walidai hakuwa nazo. Breki alikuwa akimwambia, "Wewe mzee, siku moja utamkabidhi mtoto huyu puto, utubakizie sisi kamba."

"Akifika alama," Bwana Magoti akawa anajibu. "Akifika alama atapanda. Kabla ya hapo hapandi."

Alama ilikuwa hii. Pale uwanjani palisimama nguzo ya mbao, na juu yake mstari mwekundu. Mtoto ambaye kichwa chake hakikufika mstari hakupanda. Haikuwa ukali wa bure. Mtoto wa kimo hicho mikono yake haikufikia sawasawa vishikio vya kamba, na kapu likilala ubavu angekuwa kama embe ndani ya ndoo tupu. Watoto wengi walirudishwa pale nguzoni wakilia. Alimrudisha hata mtoto wa mwenye kampuni, baba yake akiwa amesimama palepale amefunga mikono kifuani.

Kapteni naye alipimwa kila likizo. Kila likizo alipungukiwa kimo kidogo. Ikafika likizo aliyopungukiwa unene wa vidole viwili tu, akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Babu yake akamfuta machozi kwa leso na kumwambia, "Likizo ijayo, Kapteni." Akageuka, akaenda kuwasha moto, akajifanya ana kazi nyingi.

Likizo iliyofuata mama yake alimnunulia viatu. Vilikuwa viatu vizuri, vyeusi, vyenye soli nene. Mama huyu hakuwa mtu mzembe. Ni muuguzi, anayepima dawa za watu kwa uangalifu kila siku. Lakini alikuwa ameyaona yale machozi, na vidole viwili aliviona ni vidole viwili tu. Akamvalisha mwanawe viatu, akamshika mkono, wakaenda uwanjani alfajiri.

Kapteni akasimama nguzoni. Kichwa kikagusa mstari mwekundu. Akapiga kelele, "Babu, nimefika." Bwana Magoti akatazama kichwa, akatazama mstari, na uso wake wote ukafunguka kama dirisha. Hakutazama chini. Mtu aliyekagua kila fundo la kamba, kila mshono, kila bomba la gesi, siku hiyo hakutazama chini.

Alirusha kiputo kidogo hewani kama ilivyokuwa desturi yake, ili aone upepo wa juu unaelekea wapi. Upepo ulikuwa mpole. Mazoezi yakafanyika. Kapteni alikunja magoti kuliko watu wote. Wakapanda. Walikuwamo mama na mwanawe, walikuwamo maharusi wawili waliokuwa hawasikilizi chochote isipokuwa wao kwa wao, alikuwamo na mzee mmoja mstaafu wa posta. Juu kulikuwa kimya. Mama anakumbuka kwamba mwanawe alisema kwa sauti ya chini, "Mama, hata mbwa wanasikika." Na kweli, mbwa walisikika wakibweka huko chini, wadogo kama punje.

Upepo uligeuka walipokuwa wakitafuta pa kutua. Uliwahi kuliko ulivyotabiriwa, nao ukaja na nguvu. Shamba alilolichagua Bwana Magoti likapita chini yao. Akachagua jingine, lililolimwa karibuni, pana, lisilo na miti. Mwisho wa shamba hilo zilipita nyaya za umeme. Akapima kwa macho. Nafasi ilitosha, bila ziada.

"Tunatua sasa," akasema. "Tutaburutwa kidogo. Magoti. Asitoke mtu mpaka niseme."

Akafunga gesi. Akavuta kamba nyekundu, ile inayofungua kilele cha puto ili hewa ya moto itoke. Kapu likagonga ardhi. Likaruka. Likagonga tuta, likalala ubavu. Maharusi walishika kamba. Mzee wa posta alishika kamba. Mama alishika kamba kwa mkono mmoja na mwanawe kwa mkono wa pili. Mtoto naye alishika kishikio, lakini alikishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa mikono yake haikufika, na soli nene hazirefushi mikono. Kapu lilipogonga tuta la pili, Kapteni alichomoka. Akaangukia kwenye udongo uliolimwa, kiatu kimoja kikaruka upande wake.

Kapu likasimama tena, kwa kuwa upepo ulikuwa umelijaza puto kama tanga. Likawa linarukaruka, nusu ardhini, nusu hewani, likisogea kuelekea nyaya. Bwana Magoti alikuwa ameikumbatia kamba nyekundu kwa mikono miwili. Hewa ilikuwa inatoka, lakini bado haijatoka ya kutosha. Akageuka, akamwona binti yake ameshapitisha mguu mmoja nje ya ukingo wa kapu.

Nyuma yao mtoto alikuwa analia. Alikuwa analia, "Mama." Halafu, "Babu."

"Rudisha mguu," Bwana Magoti akasema.

"Baba, mwanangu yuko kule."

"Namsikia. Rudisha mguu."

"Baba niache."

"Ukitoka wewe, hawa wote wanakwenda kwenye nyaya. Rudisha mguu, mwanangu. Kaa."

Wasikilizaji wapendwa, kapu lilikuwa limeshapoteza uzito wa mtoto. Lingepoteza na uzito wa mama, lingenyanyuka. Mama aliwaona wale maharusi, mikono yao imekuwa myeupe kwenye kamba. Alimwona mzee wa posta akisogeza midomo bila sauti. Alimsikia mwanawe. Alituambia, "Sikuwahi kuwa na mguu mzito kama ule. Niliurudisha ndani kwa mikono yangu, kama vile si wangu."

Akaurudisha. Akakaa.

Gari la Breki liliingia shambani likirusha udongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Breki alifunga breki. Akaruka nje. Mtoto alikuwa karibu naye, kapu lilikuwa mbali. Alimwona Kapteni ameketi, ameshika mkono wake, analia. Alitueleza kwa kifupi: "Nikasema moyoni, analia, kwa hiyo anapumua. Nikampita. Mzee alitufundisha, kwanza kapu. Nilimpita mtoto niliyembeba mgongoni tangu mchanga, nikakimbilia kapu. Mpaka leo miguu yangu inakumbuka zile hatua." Akalidaka kapu, akajitupa ndani na uzito wake wote. Wasaidizi wenzake wakaning'inia ukingoni.

"Sasa," Bwana Magoti akamwambia binti yake. "Toka."

Mtu kwa mtu. Akaingia Breki, akatoka mama. Akakimbia.

Bwana Magoti alibaki kapuni. Alibaki mpaka kitambaa chote kikalala chini, mpaka maharusi wakashuka, mpaka mzee wa posta akashikwa mkono na kuketishwa. Nyaya zilikuwa pale mbele, karibu kiasi cha mtu kuzisikia zikivuma. Ndipo naye alipotoka, akatembea mpaka kwa mjukuu wake. Mama alikuwa amempakata, ameshafunga ule mkono kwa mtandio wake kama ilivyo kazi yake. Hakuinua macho.

"Usimguse," akamwambia baba yake.

Naye hakumgusa.

Mtoto alivunjika mkono na mtulinga. Hakuna mwingine aliyeumia zaidi ya michubuko. Ninarudia, kwa sababu jambo hili ni kubwa: waliopanda wote walirudi nyumbani wakiwa hai. Jioni ile, wenzake walipokuwa wakikunja kitambaa, Bwana Magoti alizunguka shambani peke yake akiinama inama. Akakiokota kile kiatu. Breki alimwona akikigeuza juu chini. Alimwona akiitazama ile soli nene, kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akakitia ndani ya koti.

Kesho yake kiatu kilikutwa mlangoni kwa muuguzi. Kimefutwa udongo, kimepigwa rangi, kamba zake zimefungwa vizuri. Hapakuwa na neno lolote.

Binti hakusema na baba yake. Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, mtoto akatolewa plasta, yeye hakusema naye. Alipokuja kumwona mama yake, alikuja baba akiwa kazini. Alimwambia mama yake, "Alinizuia kwenda kwa mwanangu." Mama yake akajibu, "Alikuzuia, ndiyo." Lakini ndani yake binti alikuwa anangoja kitu. Alikuwa anangoja siku ambayo baba yake angesema: na wewe ulimvalisha viatu gani? Alikuwa na majibu yake tayari. Alilala nayo na kuamka nayo. Baba hakuuliza.

Wakaguzi wa usafiri wa anga wakaitisha kikao, kama sheria inavyotaka. Chumba kidogo, meza ndefu, feni iliyozunguka kwa taabu. Binti aliitwa kama shahidi, akakaa nyuma. Bwana Magoti alisimama mbele na koti lake la safari. Wakamuuliza kuhusu upepo, akajibu. Wakamuuliza kuhusu kamba, akajibu. Kisha mkaguzi akauliza:

"Mtoto alifika alama?"

Binti alishika ukingo wa kiti kama alivyoshika kapu.

"Alifika," Bwana Magoti akasema. "Na mimi sikutazama miguuni."

"Una maana gani, mzee?"

"Nina maana kwamba kupima ni kazi ya rubani. Nilipima kichwa, sikupima mtoto. Nilifurahi mno. Andikeni hivyo."

"Kuna mtu mwingine anayehusika?"

"Rubani alikuwa mmoja."

Wakamsimamisha kuruka kwa muda, naye akaona ni haki. Akatoka nje. Binti akamfuata mpaka kwenye maegesho ya magari. Breki alikuwa ndani ya gari, dirisha wazi, naye anaapa kwamba hakukusudia kusikiliza.

"Baba."

"Naam."

"Baba, vile viatu..."

"Mkono wa mjukuu wangu unaendeleaje?"

"Baba, nisikilize. Viatu..."

"Nimekuuliza mkono."

"Unaendelea vizuri. Anauliza utakuja lini kumchorea puto."

"Mwambie leo," Bwana Magoti akasema. Akafungua mlango wa gari, akashindwa kuingia, akasimama pale ameshika mlango. Binti akamshika mkono. Breki akawasha redio.

Katika miezi ile aliyosimamishwa hakukaa bure. Alirudi kwenye cherehani ya baba yake. Akashona safu ya pili ya vishikio, chini ya ile ya kwanza, kwa mikono mifupi. Akavishona mara mbili. Na pale nguzoni, chini ya mstari mwekundu, akaandika kwa rangi nyeupe: VUA VIATU. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyepimwa pale akiwa na viatu. Marubani wa viwanja vingine waliona, wakaiga. Ukimpeleka mwanao akaambiwa avue viatu kwenye majani yenye umande, usikasirike. Sasa unajua.

Jambo la mwisho, wasikilizaji wapendwa, ni la siku ya neema. Kapteni alikua, akasoma, akafanya mtihani, akafaulu mara ya kwanza, jambo ambalo babu yake alilitangaza kwa kila aliyemjua na wengi asiowajua. Muuza magazeti alilisikia. Kinyozi alilisikia mara nyingi, maana kichwa kilikuwa mikononi mwake na hakuweza kukikimbia. Kwake mwenyewe Kapteni, babu hakutoa sifa. Aliomba tu awe abiria wake wa kwanza.

Alipanda. Mjukuu akampanga kapuni na wengine, mgongo kule, mikono hapa. Kisha akatamka, "Magoti." Mzee akayakunja, yakalia kama mlango wa stoo.

"Babu, yanapiga kelele hayo."

"Yanapiga kelele, lakini yanakunjika. Endelea na kazi."

Walitua kwenye upepo wa wastani. Kapu likagusa, likaruka mara moja, likatulia. Mzee hakutikisika. Akangoja. Watu wote wakangoja. Kapteni alitazama kitambaa, akatazama wasaidizi, akasema, "Sasa, mtu kwa mtu." Babu yake alishuka wa mwisho, akafuta vumbi kwenye suruali, akamwambia maneno mawili: "Umetua. Asante." Kapteni alituambia kwamba leseni yake ameitundika ukutani, lakini maneno yale mawili ndiyo yaliyomfanya rubani.

Bwana Magoti alizikwa siku ya Jumamosi. Kulikuwa na upepo kidogo. Watu walikuwa wengi. Mzee wa posta hayupo tena duniani, lakini wale maharusi walikuja, sasa wana watoto wakubwa, wakasimama pamoja, mkono kwa mkono. Jeneza lilibebwa na wasaidizi wa ardhini, wa zamani na wa sasa. Walipofika kaburini, wakazishika kamba, tayari kumshusha. Wabebaji walikuwa wamekakamaa, kwa huzuni, kila mtu wima kama nguzo.

Ndipo Breki, mzee sasa, kichwa cheupe, akasema kwa sauti ya chini, "Magoti."

Wote wakakunja magoti. Kwa pamoja. Watu walicheka huku wakilia. Kamba zikateremka taratibu, mkono kwa mkono, bila kuyumba, mpaka jeneza likagusa chini bila hata kishindo. Wabebaji walitaka kuziachia. Lakini Kapteni, aliyesimama mbele pamoja na mama yake, aliinua mkono. Hawakuachia. Akatazama chini. Alitazama mpaka miguuni. Akahakikisha limelala sawa.

"Sasa," akasema.

Wakaachia kamba.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa pole kwa mjane wa marehemu, kwa binti yake muuguzi, kwa mjukuu wake Kapteni, na kwa Breki na wenzake wote wa uwanjani. Tunawapa pole, na zaidi tunawashukuru, kwa kutuazima mtu wao kwa miaka mingi hivyo. Wapo watu leo wanaokula chakula cha mchana na watoto wao bila kujua kwamba waliwahi kuokolewa na neno moja la mzee mmoja.

Nanyi mnaosikiliza, tafakarini. Pengine hamtapanda puto kamwe. Lakini kila siku mnapanda kitu na kukabidhi roho zenu kwa mtu fulani. Mtu huyo akikuambia ukae, kaa. Akikuambia uvue viatu, vua. Na ikiwa wewe ndiye uliyekabidhiwa, furahi ukitaka kufurahi, lakini tazama na miguuni.

Bwana Magoti, umetua. Asante.